Uzi maalumu: Usiniulize kaliba (upana wa mtutu), niulize kichwa cha risasi (kwa wenye vibali vya kuwinda swala, tohe na kongoni)

Mtoto wa Bwana Nyama

Kamwene wakuu, na walioko upande wa Rungwe ugonile.

Kuna kijana wa Mbarali kanifuata inboksi wiki iliyopita. Amerithi bunduki ya marehemu baba yake, kaliba .30-06 ya bolti (unavuta komeo kwa mkono kila unapopakia), mambo ya polisi yameisha na umiliki uko kwenye jina lake. Sasa anataka kujua anunue risasi gani. Amesoma mtandaoni mpaka macho yamemuuma, kila anakopita anaambiwa greni 150 (uzito wa kichwa cha risasi, kama gramu 9.7) zinatosha kabisa kwa "deer", akaja kuniuliza kama ni kweli. Nikaanza kumjibu, nikaona jibu linakuwa refu kuliko barua ya posa. Bora nilimwage hapa, wanaojua zaidi wanisahihishe.

Huu uzi ni wa watu wenye leseni mkononi. Kama unatafuta mbinu za kuingia porini usiku na tochi na pikipiki, umekosea mlango. Na kama unataka kujua vibali vya wenyeji vimefunguliwa kwenye eneo lako au la, nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya, usiniulize mimi.

Baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori, enzi zile kijiji kizima kinamwita Bwana Nyama. Mimi nimefuata nyayo kwenye vitalu vya uwindaji vya upande wa Rungwa na Lukwati misimu 11, baadaye nikawa nabeba bunduki ya pili. Cheti cha kutundika ukutani sina. Nilichonacho ni kibiriti chenye vichwa vitatu vya risasi nilivyovitoa kwenye nyama kwa kisu changu mwenyewe. Leo nataka niwaelezee hicho kibiriti.

Tatizo linaanzia kwenye lugha yetu. Sisi "risasi" ni ile nzima unayoipakia, "risasi" ni kile kinachoruka kwenda kwa mnyama, na "risasi" ni madini yenyewe, yale ya kwenye betri za gari. Vitu vitatu, neno moja. Ukifika dukani muuzaji anakuuliza, "Risasi ya ngapi?" Unasema .30-06, anakupa boksi lililoandikwa hivyo, mnaagana. Hapo umejibu swali la ganda peke yake, yaani kitu kinachoingia kwenye chumba cha bunduki yako bila kukwama. Ganda la .30-06 ni lile lile tangu jeshi la Marekani lilipolipitisha mwaka 1906. Kinachochomekwa mdomoni mwa ganda, yaani kichwa, ndicho kinachoua au kinachokutia aibu, na hicho hakuna aliyekuuliza.

La pili ni huyo "deer" wa mtandaoni. Huyo ni ayala, yule tunayemsikia kanisani. Afrika nzima ayala wa asili yuko kaskazini tu, Algeria na Tunisia. Ana pembe zenye matawi na kila mwaka zinadondoka zinaota nyingine. Huku kwetu hayupo. Wanaposema ayala wa Marekani wanaongelea dume la kilo 60 mpaka 130. Ukitaka kumlinganisha na wa kwetu, mkaribishe kwenye kundi la swala pala, tohe, pongo na sheshe wa bonde la Kilombero. Hapo ushauri wao unaingia bila shida. Lakini leseni ya mtu wa huku inaweza kuwa na swala pala wa kilo 60 na kongoni wa kilo 150 kwenye karatasi moja, na ukiwa na bahati tandala mkubwa wa kilo 250. Pofu dume anaweza kupita kilo 700. Kichwa kilichotengenezwa kwa ajili ya mbavu za ayala ukikipeleka kwenye bega la kongoni, kinapasuka kama yai.

Nasema hivyo kwa sababu nimekiona.

Msimu mmoja tulikuwa na mgeni kutoka nje, mtu mzuri, shabaha yake safi. Alikuja na .300 Winchester Magnum na vichwa vyepesi vya greni 150 vyenye ncha ya plastiki. Vile vinatoka mtutuni karibu mita 1,000 kwa sekunde. Tukamkuta kongoni dume kwenye miombo, hatua 60, kasimama juu ya kichuguu kama walivyo, anatuangalia. Mgeni akapiga bega. Nikasikia ule mlio wa risasi kukutana na mfupa, kama mtu kapiga gunia la mahindi kwa ubao. Kongoni akapiga magoti, akainuka, akaondoka kwa miguu mitatu.

Tulimfuata kwa muda wa saa sita. Damu ilikuwa matone, nyekundu iliyokolea, haina povu. Ingekuwa ya mapafu ungeiona ina povu la rangi ya waridi na imetapakaa kwenye majani pande zote mbili. Hii ilikuwa upande mmoja tu, tone hapa, tone kule, halafu hakuna. Jua likazama, mbung'o wakatuachia, tukarudi kambini kimya kimya. Asubuhi tukaamkia pale pale tulipoacha. Fisi walikuwa wametangulia. Bega lilikuwa limebaki, nikalipasua kwa kisu. Nyama ya nje imevunjwavunjwa imekuwa nyeusi, shimo naweza kuingiza ngumi, lakini mfupa umepasuka tu, na ndani ya mbavu hakuna kilichoingia zaidi ya vipande. Koti la shaba, yaani gamba la nje la kichwa, nililikuta limejikunja kama ganda la karanga. Hicho ndicho kichwa cha kwanza kwenye kibiriti changu.

Yule kongoni alihesabiwa kwenye leseni na mgeni akamlipia. Kujeruhi na kupoteza ni kuua. Hela ni zake, lakini usiku ule aliyelala vibaya ni mimi.

Naendelea baadaye, umeme umekatika na simu ina asilimia 9.

Kiazi Mviringo

Naweka kambi hapa. Njombe leo baridi mpaka mifupa inaongea, uzi kama huu ndio wa kujifunikia blanketi.

Sniper wa Sofa

Mkuu umeandika vizuri ila unatutisha bure. Kuna mzungu anaitwa W.D.M. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne iliyopita, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 tu. Kama milimita 7 iliangusha tembo, hiyo .30-06 inashindwaje na kongoni? Jouli 3,900 za nguvu zinatoka mtutuni pale. Tatizo lilikuwa mpigaji.

Mtoto wa Bwana Nyama

Sniper, asante kwa kumleta Bell, umenisaidia kazi. Jiulize alitumia kichwa gani. Alitumia solidi, koti gumu lisilofunguka, kichwa kirefu na kizito kwa upana wake, mwendo wa wastani. Alitaka kitu kimoja tu, kipite mfupa kifike kwenye ubongo kikiwa kimenyooka. Na mwili wa tembo aliujua kama fundi cherehani anavyoujua mwili wa mteja. Kwa hiyo Bell ni shahidi wangu mimi. Kaliba ndogo, kichwa sahihi, mahali sahihi.

Hizo jouli 3,900 ni kweli, ndizo zinazotoka na greni 180 kwa mita 820 hivi kwa sekunde. Lakini hazikuambii zimeshukia wapi. Yule wa .300 Magnum alikuwa na jouli nyingi kuliko zako, zote zikaishia kwenye nyama ya bega, sentimita chache kutoka ngozini.

Fundi Mtutu

Wanangu, mimi nimetengeneza bunduki miaka mingi hapa Iringa, sasa nimestaafu macho hayaoni vizuri. Acheni nieleze hivi vichwa vilivyo, maana naona mnataja tu.

Kuna solidi. Shaba nzima, au koti zima lililofunika kila kitu mbele. Kinaingia kipana cha milimita 7.8, kinatoka kipana cha milimita 7.8. Ni cha wanyama wenye ngozi nene na mifupa kama nguzo. Kanuni zetu kwa nyati, simba na tembo zinataka kaliba .375 kwenda juu, na kwa tembo na nyati ndipo solidi ina nyumba yake. Ukimpiga swala pala kwa solidi, inapita kama sindano kwenye kitambaa, mnyama anakimbia kilomita na tundu dogo ambalo ngozi inalifunga.

Kuna softi. Pua ya madini ya risasi iko wazi mbele, nyuma kuna koti la shaba. Ikigusa nyama pua inabonyea, koti linachanika kurudi nyuma, kichwa kinafunguka kama uyoga mpaka karibu mara mbili ya upana wake. Hiyo ndiyo kazi tunayoitaka kwa mnyama wa ngozi nyembamba. Shida ya softi ya kawaida ni kwamba kiini, yaani yale madini ya ndani, kimekaa tu ndani ya koti kama mguu ndani ya buti. Ukiipeleka kwa kasi sana au ikikutana na mfupa mkubwa, mguu unatoka kwenye buti.

Wazungu wakalishughulikia hilo kwa njia kadhaa. John Nosler wa Marekani mwaka 1948 alianza kuuza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati. Nusu ya mbele inafunguka, nusu ya nyuma inabaki nzima inasukuma. Wengine wakagandisha kiini na koti viwe kitu kimoja. Wengine, kama Barnes mwishoni mwa miaka ya 1980, wakayatoa madini ya risasi kabisa wakatengeneza kichwa cha shaba tupu chenye tundu puani. Kinafunguka petali nne na karibu hakipungui uzito.

Hivi vyenye ncha ya plastiki viangalieni vizuri. Ile ncha ni kofia tu. Chini yake kunaweza kuwa na kichwa kigumu sana au kichwa laini kama mkate. Usinunue kofia.

Kiazi Mviringo

Mzee Fundi shikamoo. Naomba kuuliza swali la kijinga. Zile za jeshi mbona zinasemwa kali sana? Si ndizo zingefaa?

Fundi Mtutu

Marahaba. Swali si la kijinga. Mwaka 1899 kule The Hague mataifa yalikubaliana yasitumie vitani risasi zinazofunguka mwilini. Ndiyo maana za jeshi zina koti zima. Sheria ya vita na sheria ya porini zimepishana hapo. Vitani ile inayofunguka ndiyo iliyokatazwa, porini ndiyo yenye huruma kwa sababu inamaliza haraka. Halafu risasi za jeshi kukutwa nazo tu raia ni kesi nyingine kabisa, usiziguse hata ukiokota.

Mtoto wa Bwana Nyama

Umeme umerudi. Mzee Fundi shikamoo, umenipunguzia nusu ya maandishi.

Niwape kichwa cha pili kwenye kibiriti. Ni greni 180 ya .30-06, kiini kimegandishwa na koti. Tandala dume alikuwa anaondoka kwa mshazari, anatuonyesha mbavu za nyuma za kushoto. Kiliingia pale, kikapita ini, kikapita pafu, nikakikuta chini ya ngozi ya bega la kulia kimetengeneza kiuvimbe kama jipu. Nilichana kidogo kikadondoka mkononi kingali na joto. Uyoga mzuri wa kuchora.

Cha tatu ndicho ninachokipenda, kwa sababu ni cha bei ya kawaida. Softi ya kawaida, greni 180, boksi ambalo hakuna anayelipigia picha. Ngiri dume, hatua 70, bega kwa bega. Alianguka pale pale, kichwa nikakikuta kimekwama kwenye bega la pili.

Nimevipeleka vyote Makongolosi kwa jamaa mmoja mnunuzi wa dhahabu anivipimie.

Mchimba Makongolosi

Jamaa mwenyewe ni mimi hahaha. Mizani yetu haidanganyi, maana hapa mtu anapigana kwa pointi moja. Matokeo haya hapa:

Cha kongoni: kilikuwa gramu 9.7, kimebaki 3.4.

Cha ngiri: kilikuwa 11.7, kimebaki 7.6.

Cha tandala: kilikuwa 11.7, kimebaki 10.3. Hiki nilimwambia aniuzie nikavae shingoni, akakataa.

Mtoto wa Bwana Nyama

Ndiyo hiyo picha nzima. Cha kongoni kimepoteza karibu theluthi mbili yake, na kilichobaki hakikuwa na uzito wa kusukuma kwenda ndani. Cha ngiri kimepoteza theluthi na bado kimefanya kazi kwa sababu kilianza na uzito na kasi yake ilikuwa ya wastani. Kwa hiyo kijana wa Mbarali, kwa .30-06 yako chukua greni 180, au 165 ukizikosa. Softi ya kawaida kwa swala, tohe na ngiri. Kama kwenye leseni kuna kongoni, palahala au tandala, toa hela ya ziada upate zilizogandishwa, zenye ukuta au za shaba tupu. Sijasema 150 haiui swala pala. Inaua sana, ukimpiga mbavuni. Lakini huwezi kumwomba mnyama akupe mbavu.

Na hizi habari za mita 400 za video za Marekani waachie wenye mbuga za kule. Kwenye miombo yetu mnyama unamuona hatua 50 mpaka 150. Katikati yenu kuna vijiti, na hakuna kichwa cha dunia hii kinachokata vijiti kikaendelea kunyooka. Subiri uwazi.

Sniper wa Sofa

Sawa, nimekubali nusu. Ila kwa nini usimwambie anunue .375 H&H amalize mjadala? Ipo tangu 1912, inapiga swala mpaka tembo.

Mtoto wa Bwana Nyama

Kwa sababu bunduki amerithi, Sniper. Wewe utamnunulia? Na .375 inapiga teke. Nimeona watu wazima wakifumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio. Mtu anayeiogopa bunduki yake hata umpe kichwa cha dhahabu ya Chunya atajeruhi.

Ila kama mtu anatafuta bunduki moja ya kati, nitamtajia 9.3x62. Fundi wa Berlin, Otto Bock, aliitengeneza mwaka 1905 akiwalenga walowezi wa makoloni ya Wajerumani, yaani pamoja na huku kwetu. Kichwa cha gramu 18.5, mwendo wa pole, mita 720 kwa sekunde. Haiharibu nyama, na haipasuki ovyo kwa sababu haina haraka. Baba alikuwa anasema ile ni bunduki ya mtu mzima, inaongea taratibu.

Binti Pawaga

Nimesoma kimya ila hili lazima niulize maana jikoni tunaingia sisi. Nyama ikija na vipande vya risasi ndani tunakulaje? Mwaka juzi nilitafuna punje nyeusi kwenye mchuzi, jino nusura litoke.

Fundi Mtutu

Mwanangu umeuliza la maana. Madini ya risasi ni sumu mwilini, mbaya zaidi kwa watoto na mama mjamzito. Softi ikifunguka inamwaga vumbi na vipande vidogo, vingine havionekani kwa macho, mbali hata na tundu. Ile nyama yenye damu iliyovilia kuzunguka jeraha ikatwe itupwe, tena uwe mkarimu, usikate kwa ubahili. Na usimpe mbwa. Mwenye watoto wadogo na uwezo wa kununua za shaba tupu anunue hizo. California walifika mahali tangu Julai 2019 kuwinda kwa risasi za madini hayo ni marufuku jimbo zima, kwa ajili ya ndege wao wakubwa wanaokula mizoga. Sisi tuna tumbusi, nao utumbo tunaouacha porini ndio chakula chao.

Binti Pawaga

Asante baba. Wanaume wa humu wangejibu "pika tu".

Ustaadh wa Igurusi

Salaam aleikum. Mimi naongezea la kisu. Kwetu tunapenda tumuwahi mnyama angali na uhai tumchinje kwa bismillahi. Vijana wanakimbilia na kisu mkononi kabla moshi haujatulia. Nawasihi, mpigaji aondoe risasi iliyoko chumbani kwanza na anyooshe mtutu juu. Nilishuhudia bunduki ikilia kijana keshafika kwa mnyama. Alhamdulillahi iliingia ardhini, lakini tangu siku hiyo simruhusu mtu kukimbia mbele ya mtutu.

Mtoto wa Bwana Nyama

Waaleikum salaam Ustaadh, hilo lingeanza juu kabisa ya uzi.

Na kwa sababu mmenikumbusha makosa, acha nitoe la kwangu, maana nimemsema mgeni muda wote. Nilipima bunduki yangu Mbeya kwa boksi la greni 150, ikapiga katikati ya ubao mita 100, nikaridhika. Kufika porini zikaisha, nikapewa greni 180 za kiwanda kingine. Bunduki ile ile, darubini ile ile, nikajiambia tofauti itakuwa nini. Swala pala kasimama mita 130, nikapiga, vumbi likaruka chini ya tumbo lake. Kila kichwa kina njia yake ndani ya mtutu wako. Tuliporudi kambini nikapiga ubao mita 100, boksi jipya lilikuwa linapiga sentimita 9 chini na 4 kushoto. Bahati nzuri nilikosa kabisa. Ingeweza kuwa mguu.

Fundi Mtutu

Hapo ndipo watu wanapoangukia. Ukishapata inayokubaliana na mtutu wako nunua maboksi ya kutosha msimu mzima, kadiri kibali chako kinavyoruhusu, na namba ya toleo iwe moja. Huku kwetu duka la risasi si duka la Mangi, ukirudi mwezi ujao utakuta nyingine. Piga tatu tatu, uache mtutu upoe katikati. Za shaba tupu ni ndefu kuliko zenye madini ya risasi kwa uzito ule ule, kwa hiyo mifuo ya mtutu (ile mistari ya ndani inayozungusha kichwa) inaweza kuzikataa nzito sana. Kama 180 ya shaba inatawanyika kwenye ubao, shuka 165 au 150, nayo itashikilia kwa sababu haipasuki. Safisha mtutu vizuri unapobadilisha aina.

Na zile za zamani zilizokaa kwenye sanduku la babu tangu enzi za .303 ya Waingereza, zenye kutu ya kijani shingoni mwa ganda, usijaribu hata kwa mzaha. Zirudishe polisi. Kila bunduki iliyopasuka niliyoletewa ilikuja na maneno "nilikuwa najaribu tu".

Kiazi Mviringo

Na huyo mnyama anapigwa wapi? Kila mtu anasema nyuma ya bega.

Mtoto wa Bwana Nyama

Hilo ni la ayala tena. Picha zao zinaonyesha nyuma ya bega kidogo. Wanyama wetu moyo na mapafu yamekaa mbele zaidi na chini zaidi, moyo uko karibu katikati ya miguu ya mbele. Ukipiga kiganja nyuma ya bega kwa kongoni unaweza kupata ini au tumbo, halafu saa sita zangu zinakuhusu. Kama amesimama ubavu, fuata mguu wa mbele kupanda juu, theluthi moja ya mwili kutoka chini, hapo hapo kwenye mstari wa mguu. Ndiyo maana nasisitiza kichwa kinachovumilia mfupa. Mahali sahihi pa kupiga, huku kwetu, pana bega mbele yake.

Ukishapiga, pakia tena mara moja, halafu tulia. Sikiliza anakokwenda. Weka alama uliposimama na alipokuwa amesimama yeye, hata kofia tundika. Ukikuta damu ya kahawia nzito au majani yaliyosagwa yenye harufu, kaa chini, ngoja nusu saa au zaidi. Ukimkimbiza atakwenda mpaka wilaya nyingine.

Kijana Mbarali

Wakuu shikamooni. Mhusika ni mimi. Nimerudi uzi huu baada ya wiki kadhaa, nimeona nilete mrejesho maana mmenihangaikia.

Nilipata greni 180 softi ya kawaida, maboksi mawili toleo moja. Nikapima mita 100, tatu za kwanza zikatawanyika kama kiganja, Mzee Fundi akanipigia simu akaniambia nikaze skrubu za darubini. Zilikuwa zimelegea tangu enzi za baba. Baada ya hapo zikakaa ndani ya kifuniko cha chupa ya chai. Mita 200 zinashuka kama sentimita 12, nimeandika kwenye karatasi nikabandika kwenye kitako.

Leseni ilitoka ya tohe mmoja dume. Tulikwenda na askari wa wanyamapori, alfajiri, majani bado yana umande mpaka magotini. Nilikosa nafasi mara mbili kwa sababu kulikuwa na jike nyuma yake. Mara ya tatu akasimama peke yake, hatua 90, ubavu. Nikafuata mguu kupanda theluthi. Alikimbia kama hatua 40 akaanguka kifudifudi. Damu ilikuwa na povu la waridi, pande zote mbili, kama ulivyoandika.

Mtoto wa Bwana Nyama

Safi sana mdogo wangu. Baba yako huko aliko ametikisa kichwa. Sasa kilete hicho kichwa Makongolosi tukipime.

Mchimba Makongolosi

Mizani iko tayari, nimeshafuta vumbi.

Kijana Mbarali

Ndiyo nilichokuja kuwaambia kaka zangu. Nimekitafuta mbavu zote, nimechana ngozi yote, mama amesaidia na tochi. Kimetoka upande wa pili kikaenda zake majanini. Kibiriti nilishanunua, ila bado ni kitupu.